Mshale Ulioshuka Peke Yake

Jamani, leo nimejivunjia heshima. Mchana kweupe, nikiwa na yunifomu mpya ya kampuni. Naandika haraka kabla Baraka hajawasimulia kwa namna yake. (Baraka ndiye mlinzi wa geti la pale nilipokuwa. Yumo humu kwenye grupu. Najua unasoma, Baraka. Nyamaza.)

Wengi mnanijua kama Njoroge wa Kamba. Miaka miwili nilisafisha vioo vya maghorofa ya hapa Dubai nikining'inia kama nguo iliyosahauliwa, hadi siku upepo uliponibeba ukanigongesha kwenye dirisha mara tatu, na ndani kulikuwa na mkutano wa watu wenye tai. Waliendelea na mkutano. Nikaapa sirudi. Nikamwomba Sir Biju, Mhindi, msimamizi wetu wa idara ya mabomba, anichukue. Akanichukua kwa majaribio. Miezi sita sasa namshikia tochi.

Leo asubuhi akanipitia na pikapu kwenye kambi yetu ya wafanyakazi, Sonapur. Tulipofika Mirdif, nje ya vila moja yenye ukuta mrefu, akazima redio.

"Leo unaingia peke yako," akasema. "Boila linapoteza presha kila siku. Tafuta kwa nini. Mimi naenda Ras Al Khor kuchukua vifaa, saa nane nimerudi. Ukipata sababu, nakuandikisha fundi. Usipopata, Jumamosi unarudi kwenye kamba. Khalas."

"Yes sir," nikasema.

Baraka akanifungulia. Ni mtu wa Mwanza, mwili mkubwa, sauti ndogo. Akanieleza kwamba wenye nyumba wamesafiri tangu mwezi uliopita kukimbia joto, kama wanavyofanya watu wenye uwezo, na madam amemwachia kazi ya kusoma geji ya presha ya boila mara mbili kwa siku na kuandika kwenye daftari.

"Kila asubuhi nafungua maji, mshale unapanda hadi tatu, nafunga," akasema. "Saa nane mchana nikirudi, uko moja. Kila siku, kaka. Jumamosi mpaka Ijumaa. Na sakafu kavu."

"Labda linavuja ndani ya ukuta."

"Labda." Akaangalia viatu vyake. "Mimi nikishasoma natoka. Sikai humo."

"Kwa nini?"

"Wewe ingia tu, kaka. Utasikia mwenyewe."

(Asante, Baraka. Hivyo ndivyo mtu anavyotiwa moyo.)

Nikaingia. Nje jua lilikuwa linakaanga lami. Ndani kulikuwa na baridi, kwa sababu watu wakisafiri huku huacha AC ikiwaka kidogo ili unyevu usiharibu fanicha. Mapazia yote yamefungwa. Na kila kitu, kuanzia makochi hadi meza na viti, kilikuwa kimefunikwa mashuka meupe. Sebule nzima! Nilisimama pale nikawa nahesabu maumbo. Lile ni kochi. Ile ni meza. Lile lenye mabega ni nini? Nikalifunua pembeni kwa ncha ya spana. Taa ya kusimama. Nikaifunika nikaiomba radhi.

Boila liko kwenye chumba kidogo chini ya ngazi. Kwa wasiojua: ni tangi kubwa lililofungwa, la kuchemshia maji ya kuoga ya nyumba nzima. Kiangazi hiki moto wake umezimwa, nani anataka maji ya moto Julai? Na Baraka akishalijaza asubuhi, valvu ya kuingiza maji anaifunga. Hakiingii kitu, hakitoki kitu. Kwa hiyo mshale wa geji unatakiwa ukae palepale. Ukishuka, kuna mahali maji yanatoka, hakuna sababu nyingine duniani. (Hivyo ndivyo Sir Biju alivyonifundisha. Kuhusu sababu zisizo za dunia hii hakunifundisha lolote.)

Nilipofika mshale ulikuwa kwenye tatu. Nikaanza kazi, na naomba mjue kwamba niliifanya vizuri. Niliifanya vizuri sana! Bomba la usalama, lile linalomwaga maji nje presha ikizidi: kavu. Kile kitungi chekundu cha hewa pembeni ya boila: nikabonyeza pini yake, ikatoka hewa safi bila maji, maana yake mpira wa ndani mzima. Geji yenyewe nikaigonga kwa ukucha, haikudanganya. Nikapanda juu, nikazunguka mabafu yote manne. Kila bomba limefungwa barabara. Kila kiungio nikakifunga tishu, kwa sababu tishu haifichi tone. Kisha nikatoa silaha ya mwisho niliyofundishwa: poda ya mtoto. Ukiimwaga chini ya mabomba, tone moja likidondoka linaacha shimo, unaliona. Nikamwaga kwenye sakafu ya kila bafu, mbele ya kila sinki. Nyumba ikaanza kunukia kichanga.

Nikashuka. Nikaketi kwenye ndoo mbele ya geji, mlango nikaurudisha. Saa sita na robo. Nikasubiri.

Nyumba tupu ina sauti zake. Friji inanguruma halafu inanyamaza ghafla, na unagundua ulikuwa umeizoea. Ngazi zinalia juu ya kichwa chako bila mtu kupanda. Nje adhana ikaanza, ikajaa hewani, ikaisha. Nikawaza chakula cha mchana. Mshale uko tatu. Upande wa jikoni kukasikika kitu, kama bawaba. Nikajiambia ni AC. Kila kitu kwenye nyumba ya watu ni AC ukiamua.

Saa sita na nusu, mshale ukatikisika.

Wenzangu, niliuona kwa macho yangu. Ukatikisika, ukasimama, ukaanza kushuka. Taratibu. Tatu. Mbili na nusu. Mabomba ukutani yakaanza kugonga. Ko. Ko. Ko. Kisha sauti ndefu ndani ya paipu, sauti ya mtu anayevuta pumzi baada ya kulia. Mbili. Nikaweka mkono kwenye tangi, nikalihisi linatetemeka. Moja na nusu. Moja. Kimya.

Sakafu kavu. Valvu imefungwa. Hakuna mtu ndani ya nyumba isipokuwa mimi.

Nilitaka kutoka nje. Nakiri. Miguu ilikuwa imeshageuka. Kisha nikaikumbuka kamba. Nikaukumbuka upepo na wale watu wenye tai. Nikasema, Njoroge, bora ufe hapa chini kwenye sakafu imara. Nikachukua spana kubwa nikapanda ngazi.

Bafu la kwanza: poda safi. La pili: safi. La tatu, lile la mwisho wa ujia, nikawasha taa.

Kwenye poda kulikuwa na unyayo.

Mmoja. Mdogo. Mtupu, bila kiatu, vidole vitano vinahesabika. Ulikuwa umelowa, poda imeganda pembeni. Mbele yake mwingine, nusu. Na kutoka hapo, juu ya zulia jeusi la ujia, nyayo nyeupe zikienda mbele, kila mmoja umefifia kuliko uliotangulia, hadi kwenye mlango mmoja uliokuwa wazi kidogo. Ziliingia. Hazikutoka.

Na nyuma ya mlango ule kulikuwa na sauti. Chini chini. Mnong'ono usiokatika, wa maneno nisiyoyajua.

Sasa, mimi nimezaliwa Nyahururu. Sisi wa bara tumelelewa na hadithi za majini ya pwani tangu utotoni: yanakaa kwenye maji, yanapenda nyumba tupu, yana nyayo ndogo. Na kwenye hadithi hizo Uarabuni ndiko yanakotoka! Mimi nilikuwa nimeyafuata nyumbani kwao, na spana mkononi.

Nikampigia Dada Philomena. Wengi mnamjua, analea watoto kwa madam mmoja Jumeirah na ndiye kiongozi wetu wa maombi. Akapokea akinong'ona, mtoto wa watu alikuwa amelala.

"Dada, niko kwa nyumba ya watu," nikamwambia. "Kuna kitu hapa kinakunywa boila."

Akauliza maswali mawili tu. "Umeona nyayo?" Nimeona. "Zimeangalia mbele ama nyuma?" Mbele. Akavuta pumzi. "Uko na maji?"

Nilikuwa na chupa yangu ya maji ya kunywa, nusu.

"Inua juu. Weka simu loudspeaker. Mimi naombea maji, wewe unaingia. Usirudi nyuma, ndugu! Ukirudi nyuma kitakufuata hadi Sonapur."

(Watu wanane chumbani mwetu. Kingelala wapi?)

Nikausukuma mlango kwa mguu. Chumba kilikuwa na giza la mapazia, na ndani mashuka meupe tena. Kitanda kimefunikwa. Kabati limefunikwa. Kiti. Na chini sakafuni, katikati ya chumba, rundo jingine jeupe, dogo, la duara. Mnong'ono ukanyamaza.

Kisha lile rundo likainuka.

Halikuruka. Lingeruka ningekimbia na hadithi ingeisha. Liliinuka polepole, likakaa. Shuka likiwa na mabega. Likatulia hivyo, limenipa mgongo, muda mrefu, na mimi chupa iko juu, imeinama, maji yananitiririkia kwapani. Halafu likageuza kichwa. Polepole sana, kulia. Likanong'ona kitu. Likarudi. Likageuka kushoto, upande wangu, na ndani ya ule weupe nikaona jicho.

"TOKA!" akapiga kelele Dada Philomena kwenye simu, amemsahau mtoto wa watu. "Toka kwenye paipu! Toka kwenye boila! Rudi ulikotoka!"

"TOKA!" nikapiga kelele na mimi, nikamwaga chupa nzima.

Maji yakalipata sawasawa. Na mimi katika kurusha nikakanyaga mkia wa shuka la kiti, nikaenda chini na kiti, spana ikapiga kabati, simu ikateleza hadi chini ya kitanda ikiendelea kukemea. "Moto! Moto! Moto!"

Kile kitu kikajipangusa uso kwa kiganja. Kikanitazama pale chini nilipokuwa nimekumbatia kiti.

"Ushamaliza?" kikauliza, kwa Kiswahili safi cha Unguja. "Maana mie nishamaliza."

Wenzangu. Mdomo wangu ukatoa neno ambalo sijawahi kulitumia tangu nizaliwe, kwa sababu kwetu hatuna hata desturi hiyo.

"Shikamoo," nikasema. Sauti ilikuwa ya mtoto wa nasari.

"Marahaba, mwanangu. Na huyo mwenzio wa chini ya kitanda mwambie nimemsikia, apumzike."

Ni Bi Zuwena. Mama mzazi wa mwenye nyumba. Familia ya Unguja, wamekaa Dubai miaka mingi kuliko umri wangu, na mimi nilijua tu "madam" aliyepiga simu kwa Kiingereza. Bibi hakutaka kusafiri na wenzake, kwa hiyo wamemwacha kwa binti yake, vila ya pili, ukuta kwa ukuta. Kwenye ukuta huo kuna mlango mdogo wa familia unaotokea jikoni. Baraka, mlinzi hodari wa geti la mbele, hajawahi kuujua.

"Kule kwa binti yangu wajukuu saba," akaniambia, akikamua ncha ya vazi lake jeupe la kusalia. "Makelele hayo! Mie nikifunga saumu nataka utulivu. Basi nikisikia adhana naja kwangu, natawadha, nasali chumbani kwangu, narudi. Leo nimekuta chooni mumemwagwa unga. Nimedhani wajukuu."

"Ni poda, Bibi. Nilikuwa natafuta maji yanapotokea."

"Yanatokea bombani. Kwani kwenu yanatokea wapi?"

"Lakini Bibi, kwa nini ufungue bomba la maji ya moto?"

Akanitazama kwa huruma. Nami nikajisikia kufa, kwa sababu kabla hajafungua mdomo nilikuwa nimeshajua jibu. Kila mtu Dubai anajua jibu! Kiangazi tangi la juu ya paa linachemka, bomba la bluu linatoa chai. Maji pekee ya kuvumilika ni yale yaliyolala kwenye hita iliyozimwa, ndani, kwenye kivuli cha AC. Ukitaka baridi unafungua jekundu. Mimi mwenyewe nanawa uso kwa bomba jekundu kila asubuhi! Leo asubuhi nimenawa! Valvu imefungwa, bibi anachota maji ya kutawadha, presha inashuka. Saa sita na nusu, baada ya adhana ambayo niliisikia kwa masikio yangu mawili nikawaza wali.

Nilimwomba msamaha nikiwa nimepiga magoti, na hivyo ndivyo Sir Biju alivyonikuta. Alikuwa amewahi kurudi, akaingia na Baraka nyuma yake, kwa sababu makelele yalifika getini. Akamwangalia bibi aliyelowa. Akaniangalia mimi. Akaiangalia suruali yangu. (Ni maji ya chupa. Naomba muamini ni ya chupa.) Chini ya kitanda sauti ikauliza, "Ndugu, kimetoka?"

Baraka alilazimika kutoka nje. Nilimsikia akicheka hadi getini.

Nikaeleza yote, sikuficha. Sir Biju akasikiliza bila kucheka, huyo mtu hana mshipa wa kucheka. Bi Zuwena akanitetea kwa Kiingereza kizuri kuliko changu, akasema mtoto huyu ni mwoga lakini ni hodari, hakukimbia. Mwisho Sir Biju akatikisa kichwa chake namna ile yao.

"Umetafuta. Umepata. Nitakuandikisha fundi."

Nilitaka kulia. Kwaheri kamba! Nikamshika bibi mkono, akacheka, akaniombea heri, tukashuka wote hadi jikoni. Nikamfungulia ule mlango mdogo, joto la nje likatupiga usoni.

"Bibi, tutakuachia valvu wazi," nikamwambia, fundi mpya, kifua mbele. "Uwe unapata maji ya kutosha kila siku."

"Kila siku ya nini?" akasema. "Mie naja nikifunga tu. Jumatatu na Alhamisi."

Nikatafsiri kwa Kiingereza. Sir Biju akanyoosha mkono bila kugeuka, na Baraka, ambaye alikuwa amerudi na hacheki tena, akampa daftari. Wote tuliliona. Jumamosi, tatu hadi moja. Jumapili, tatu hadi moja. Jumanne. Jumatano. Ijumaa. Mistari imenyooka, wiki nne.

"Siku hizo nyingine nawasikia nikiwa kule upande wa pili," akasema Bi Zuwena, akivuka kizingiti. "Mabomba yanagonga saa ileile. Mie nilidhani ni nyinyi."

Akaurudisha mlango. Tukasikia anavyokwenda, taratibu, hadi hatusikii tena.

Sir Biju akafunga daftari, akanikabidhi.

"Jumamosi utarudi," akasema. "Sababu ya pili."

"Tutarudi wote, sir?"

"Wewe. Sasa ni fundi."

Kwa hiyo, wapendwa, kesho Ijumaa, siku ya ibada yetu huku, nitakuwa kanisani kiti cha mbele kabisa, na Dada Philomena ameshaniahidi chupa ya lita tano. Jumamosi saa sita na nusu nitakuwa chini ya zile ngazi, peke yangu, nikiuangalia mshale. Asicheke mtu. Na yeyote aliyepewa kamba yangu ya zamani, mwambieni asiizoee.